Kitenzi Katika Chumba cha Mitambo: Lugha ya Fundi Sanifu wa Vipimo na Udhibiti

Kwa zaidi ya nusu karne mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili katika sayansi na teknolojia umehusu, kwa sehemu kubwa, darasa. Swali limekuwa kama mwanafunzi wa sekondari aweza kufundishwa fizikia kwa lugha aielewayo, na jibu limetafutwa katika orodha za istilahi. Katika mjadala huo kiwanda kimesahauliwa, ilhali kiwandani hakuna aliyengoja uamuzi wa kamati. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, nje kidogo ya Dar es Salaam, mwaka 1966, yaani mwaka mmoja kabla ya kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Tanuri la saruji halizimwi jioni likawashwa asubuhi. Huwaka usiku na mchana, na watu wa zamu hawana budi kuelewana saa zote, iwe istilahi zimesanifiwa au hazijasanifiwa.

Mhadhara huu unahusu kundi moja la watu hao, nalo ni mafundi sanifu wa vipimo na udhibiti. Hawa ndio wanaofunga, kuhakiki na kutengeneza vifaa vinavyopima joto, presha, mtiririko na ujazo, pamoja na vile vinavyoendesha mitambo bila mkono wa mtu. Umma hauwajui sana, pengine kwa sababu kazi yao ikifanyika vizuri haionekani. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, wana mvuto wa pekee, kwa kuwa kazi yao yote ni kazi ya ishara: kuhakikisha kwamba kinachosemwa na kifaa ndicho kilichopo, na kwamba kinachoamriwa ndicho kinachotendeka. Hoja itakayotetewa ni kwamba wasanifishaji wa istilahi wamewashughulikia mafundi hawa upande wa nomino peke yake, ilhali mahali penye hatari ni kwenye kitenzi.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona kwamba sentensi moja hapo juu imesema mafundi hao "hufunga" vifaa. Neno hilo litarejewa.

Kazi yenyewe

Katika tanuri la saruji mawe ya chokaa na udongo hupashwa joto hadi kufikia kiasi cha nyuzi 1450 za Selsiasi, yakageuka kuwa klinka, ambayo baadaye husagwa pamoja na jasi. Hakuna mtu awezaye kuchungulia ndani ya tanuri kila dakika na kukadiria joto kwa jicho. Kwa hiyo vifaa huwekwa mahali pengi. Vingine ni waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, ambazo hutoa volti ndogo sana zinapopata joto, jambo lililogunduliwa na Thomas Seebeck mwaka 1821. Vingine ni waya wa platini ambao ukinzani wake ni omu 100 katika nyuzi 0 na omu 138.5 katika nyuzi 100. Hivyo kifaa hakipimi joto moja kwa moja. Kinapima badiliko fulani la umeme, kisha badiliko hilo linafasiriwa kuwa joto.

Tafsiri hiyo husafirishwa hadi chumba cha kuongozea mitambo kwa njia ambayo imekuwa kanuni ya viwanda duniani kote: mkondo wa umeme wa kati ya miliampea 4 na 20. Kipimo cha chini kabisa ni 4, cha juu kabisa ni 20. Kifaa kilichopangiwa nyuzi 0 hadi 400 kikituma miliampea 12, maana yake ni nyuzi 200. Kwa nini mwanzo uwe 4 na si 0? Kwa sababu waya ukikatika mkondo huwa 0, na fundi anapaswa kutofautisha kati ya kifaa kinachosema "sifuri" na kifaa kisichosema chochote. Jambo hili ni la kiisimu kabisa. Katika mazungumzo kimya huweza kuwa jibu, na msikilizaji hukifasiri kwa kuutazama uso wa mwenzake. Waya hauna uso. Ndiyo maana wahandisi wakaamua kwamba hata "hakuna kitu" lazima kutamkwe kwa sauti.

Upande wa pili wa kazi ni amri. Kompyuta ya kiwandani hulinganisha kipimo na kiwango kinachotakiwa, kisha hutuma ishara kwa valvu, feni au mota. Hadi miaka ya 1960 maamuzi mengi ya aina hiyo yalifanywa kwa makabati yaliyojaa rilei na maelfu ya waya; mwaka 1968 wahandisi wa General Motors nchini Marekani walitoa ombi la kupatiwa kifaa ambacho kingebadilishwa kwa programu badala ya kufungua na kufunga waya upya, na kutokana na ombi hilo na kazi ya Dick Morley na wenzake ikazaliwa Modicon 084. Tangu hapo fundi wa vipimo amekuwa pia msomaji wa programu.

Katika michoro ya kiwanda kila kifaa kina jina la herufi, kwa mujibu wa mfumo ulioasisiwa na chama cha wataalamu wa vipimo chenye makao yake Marekani. Herufi ya kwanza huonesha kinachopimwa: T kwa joto, P kwa presha, F kwa mtiririko, L kwa ujazo. Herufi zinazofuata huonesha kazi ya kifaa: I ni kuonesha, C ni kudhibiti, T ni kutuma. Kwa hiyo TT si takriri. T ya kwanza ni joto na ya pili ni kitumaji. Fundi mgeni hubabaika hapa, lakini mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Katika neno "kukuona", ku ya kwanza ni alama ya kitenzi-jina na ya pili ni mtendwa wa nafsi ya pili. Umbo ni lilelile, nafasi ndiyo inayotoa maana. Mwalimu wa chuo cha ufundi akiuanza mfumo huu kwa mfano wa "kukuona" atakuwa ameokoa muda mwingi.

Nomino zilizokwisha kushughulikiwa

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna kilichofanyika. BAKITA ilichapisha vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kwa juhudi hizo kuna halijoto, ukinzani, mkondo, saketi na kanieneo. Baadhi ya maneno hayo yamekita mizizi. Mengine yamebaki kwenye mitihani, kama kanieneo, ambalo nafasi yake mtaani na karakanani imeshikwa na presha, pamoja na ukweli kwamba presha hiyohiyo ni ugonjwa wa mzee wa nyumbani. Muktadha hutofautisha: hakuna anayefikiri kwamba bomba la hewa linahitaji kumeza vidonge.

Vivyo hivyo kuna sensa. Wapo wanaolikataa kwa hoja kwamba Tanzania tayari ina sensa ya watu na makazi, wakapendekeza kihisi au kitambuzi. Hoja hiyo ni dhaifu kwa namna ilivyotolewa, maana hesabu ya watu na kifaa cha kupimia joto haviwezi kukutana katika sentensi moja vikachanganywa. Ipo hoja nyingine yenye nguvu zaidi ya kupendelea kihisi, lakini itasubiri hadi ngeli zitakapojadiliwa.

La msingi ni hili: orodha hizo zote ni orodha za vitu. Ukizifungua utapata majina ya vifaa, sifa na vipimo kwa mamia, na vitenzi vichache vilivyoingia kama wageni. Nyuma ya desturi hiyo kuna dhana kwamba istilahi ni nomino, na kwamba vitenzi ni mali ya lugha ya kila siku ambayo kila mtu anaijua. Ni dhana iliyorithiwa kutoka katika lugha ambazo zilitoa orodha za kutafsiriwa, na katika Kiswahili haifai, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake mtenda, wakati, hali, mtendwa na kauli.

Mzizi -fung-

Kamusi yoyote ya Kiswahili itaonesha kwamba kufunga kuna maana nyingi: kukaza kwa kamba, kuziba mlango, kutia gerezani, kuacha kula mchana wa Ramadhani, kutia bao. Zote zinaishi kwa amani. Kiwandani, hata hivyo, zinakutana maana nne ambazo hazina amani hiyo.

"Kufunga valvu" ni kuzuia mtiririko. "Kufunga valvu" ni pia kuiweka valvu mpya mahali pake kwa bolti, kama vile fundi afungavyo mita nyumbani. "Kufunga swichi" kwa mtu aliyesoma umeme ni kukamilisha saketi ili mkondo upite, maana vitabu vya fizikia husema saketi iliyofungwa ndiyo yenye kupitisha umeme. Na "kufunga swichi" kwa mtu wa usalama ni kuizima na kuitia kufuli ili asitokee mwingine akaiwasha wakati mwenzake yumo ndani ya mashine. Tazama maana mbili za mwisho. Katika ya kwanza waya una umeme. Katika ya pili hauna. Neno ni moja, kitu ni kimoja, na matokeo kwa mtu anayeugusa waya huo ni kinyume kabisa.

Ugumu haukomi hapo. Kwa maji na hewa, kilichofungwa hakipitishi. Kwa umeme, kilichofungwa kinapitisha. Fundi wa vipimo ndiye mtu pekee kiwandani ambaye kazi yake iko mipakani, kwa sababu valvu yake inaendeshwa na hewa, hewa inaruhusiwa na koili, na koili inaendeshwa na saketi. Katika sentensi moja ya kawaida aweza kulazimika kusema kwamba saketi ikifungwa valvu inafunguka. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini mtu aliyechoka saa 9 za usiku ataisikia kama utani.

Tukio la kutendua nalo lina mkanganyiko wake. Kauli ya kutendua, ile inayogeuza funga kuwa fungua, ziba kuwa zibua na chomeka kuwa chomoa, ni moja ya hazina za lugha za Kibantu. Lakini kwa kuwa hutendua maana yoyote ya mzizi, hurithi utata wote wa mzizi. "Valvu imefunguliwa" ni kusema kwamba maji yanapita, au kwamba valvu imetolewa na sasa iko juu ya meza ya karakana. Uzito wa tofauti hiyo waweza kupimwa kwa mfano ambao hauhusu Kiswahili. Tarehe 6 Julai 1988, katika jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha kwenye Bahari ya Kaskazini, valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo na mahali pake pakafunikwa kwa kifuniko kisichokazwa vya kutosha. Habari hiyo haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Pampu ile iliwashwa, gesi ikavuja, na watu 167 wakafa. Wale walizungumza Kiingereza, na kilichokosekana ni habari yenyewe, si kitenzi. Hata hivyo, katika Kiswahili kuna njia ya ziada ya kukosa habari hiyo: yaweza kutolewa, ikasikiwa, na bado isieleweke.

Je, wazungumzaji wanaishije na utata huu? Ukiangalia kwa makini utaona kwamba lugha imekwisha kujitafutia dawa. Mtu anayetaka maji yatoke hasemi tu "fungua bomba". Husema "fungulia maji". Kauli ya kutendea imehamisha mtendwa kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye kinachopita. Hakuna awezaye kuielewa "fungulia hewa" kuwa amri ya kung'oa kitu. Kadhalika "funga maji" ni wazi kuliko "funga bomba". Kwa kuweka kifaa, Kiswahili kina kusimika, ambacho tayari hutumika kwa mitambo mikubwa, na kupachika kwa vifaa vidogo. Kwa kutoa kuna kung'oa na kufumua. Kwa umeme kuna kuunganisha na kukata, washa na zima. Kufunga kwa kufuli kwaweza kusemwa hivyohivyo, kwa maneno mawili: kutia kufuli. Hakuna hata neno moja hapa linalohitaji kubuniwa. Linalohitajika ni kugawana kazi: kwamba ndani ya uzio wa kiwanda, -fung- iachiwe maana moja tu, ile ya kuzuia kinachotiririka, na maana nyingine zipewe vitenzi vyake.

Mtu aweza kudai kwamba watu hawawezi kuamriwa wasiseme "kufunga mita". Ni kweli, nyumbani waendelee. Lakini fani nyingine zimefanya hivyo. Rubani na mwongoza ndege hawatumii maneno wapendavyo, na hakuna anayesema kwamba lugha yao imebanwa.

Kilichoamriwa na kilichotendeka

Hadi hapa limeangaliwa shina la kitenzi. Sehemu nyingine ni ile ndogo inayokaa kati ya kiambishi cha nafsi na mzizi, yaani -li-, -na-, -me-, -ja- na ndugu zao.

Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, valvu ya kupunguza presha ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama bila kurudi. Katika chumba cha kuongozea mitambo taa ya valvu hiyo ilizimika. Waendeshaji wakaelewa kwamba valvu imefungwa. Taa, hata hivyo, haikuunganishwa na valvu; iliunganishwa na amri. Ilikuwa inasema kwamba valvu imeambiwa ifungwe. Maji ya kupoza kinu yaliendelea kutoka kwa zaidi ya saa 2 kabla ya mtu kuziba njia, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Taa haina sarufi. Yaweza kuwaka au kuzimika tu. Kiswahili, kinyume chake, kina sarufi ya kutosha kutenganisha mambo haya, nayo iko wazi mno: ifungwe, inafungwa, ilifungwa, imefungwa, haijafungwa, haifungiki. Ya kwanza ni amri. Ya pili ni tendo linaloendelea. Valvu kubwa huweza kuchukua sekunde nyingi kusafiri kutoka wazi hadi kufungwa. Ya tatu ni habari ya tukio lililopita, ambayo haisemi hali ya sasa. Ya nne ni tukio pamoja na matokeo yake: lilitendeka, na bado liko hivyo. Ya tano ni kwamba kazi inangoja. Ya sita ni kwamba imejaribiwa na kuna kasoro. Mhandisi aliyezoea taa mbili, nyekundu na kijani, angefurahi kupata taa sita za namna hii.

Lakini -me- ina mtego wake. Usasa wake ni usasa wa msemaji. Katika mazungumzo ya ana kwa ana msemaji na msikilizaji wana sasa moja. Katika daftari la zamu hawana. Fundi anayeandika "valvu imefungwa" na kwenda zake nyumbani ameacha kauli inayodai kuwa kweli kila mara itakaposomwa, hata kama saa 3 baadaye mwingine aliifungulia. Aandikaye "valvu ilifungwa saa fulani na fulani" hadai kitu asichokijua. Hii ndiyo sababu ya kisarufi, mbali na ya kiutawala, ya kudai kwamba katika daftari la zamu -me- isitumike bila saa ubavuni mwake.

Na hiyo saa yenyewe ni fumbo jingine. Kompyuta ya kiwanda huhesabu siku kuanzia usiku wa manane. Mswahili huihesabu kuanzia alfajiri. "Saa 2" ya daftari ni 08:00 au 20:00 ya kompyuta, na ikiwa mwandishi alinakili kutoka kwenye kioo cha kompyuta huenda ni 02:00 kweli. Mtu anayechunguza ajali na kutaka kuoanisha daftari na kumbukumbu za kengele za tahadhari aweza kupotea kwa saa 6 kamili bila kujua. Dawa yake ni nyepesi: tarakimu nne kwa saa ya kompyuta, na "asubuhi", "jioni" au "usiku" kwa saa ya Kiswahili, pasiwe na njia ya tatu.

Ngeli na maneno ya mkopo

Sasa irudiwe hoja iliyoahirishwa kuhusu kihisi. Katika kelele ya kiwanda, na katika redio za mkononi zenye kukatakata sauti, nomino hupotea. Kinachobaki mara nyingi ni kitenzi, na kitenzi cha Kiswahili kina kiambishi cha upatanisho. Ukisikia "umesimama" utajua ni mkanda wa kubebea mawe. "Limepoa" ni tanuri au bomba. "Kimejaa" ni kinu. Nomino haikusikika, lakini ngeli yake imefika.

Faida hiyo hupotea pale vitu vyote vinapokuwa katika ngeli moja. Valvu, pampu, mota, feni, swichi, fyuzi, rilei, geji, sensa: maneno yote haya ya mkopo yako katika ngeli ya 9/10, ile ya I-ZI. "Imezimika" yaweza kuwa chochote kati yake. Hapa ndipo kihisi kinapopata utetezi wa kweli. Hakitetewi kwa sababu ni "chetu" na sensa ni "yao". Kinatetewa kwa sababu "kimezimika" na "imezimika" ni habari mbili tofauti. Isidhaniwe kwamba mkopo lazima ubaki katika ngeli ya 9. Tanuri lilitoka Kiarabu na bomba lilitoka Kireno, na yote mawili yana li- na ya-. Kitabu, ambacho silabi yake ya kwanza katika Kiarabu haikuwa kiambishi hata kidogo, kilipokewa katika ngeli ya ki-/vi- kana kwamba kilizaliwa humo. Zamani lugha iligawa wageni wake katika vyumba mbalimbali. Tangu kuja kwa mashine imekuwa ikiwalaza wote sebuleni.

Haifuati kwamba kila neno la mkopo litafutiwe mbadala. Maandishi kwenye makabati, michoro na miongozo ya watengenezaji ni ya Kiingereza, na fundi anayeita kitu valvu anaweza kukitafuta katika mwongozo bila taabu. Inatosha kwamba vifaa vile vinavyokaa pamoja na kuchanganywa kwa urahisi visiwe vyote na kiambishi kimoja.

Mfano wa kiwanda cha saruji unafaa hapa. Juu ya tanuri kuna mnara wenye saikloni, yaani vyombo vya umbo la faneli ambamo unga wa malighafi hupashwa joto kwa gesi zinazotoka tanurini. Saikloni huweza kuziba kwa unga ulioganda. Ili kuligundua jambo hilo, kibomba chembamba hupima presha ndani yake. Lakini kibomba hicho nacho huziba kwa vumbi, na kikiziba, kipimo huganda mahali pamoja na kuficha kuziba kwa saikloni. Unga ulioganda ukiachia ghafla huteremka ukiwa na joto la mamia ya nyuzi, na huunguza watu walio chini. Hivyo "imeziba" na "kimeziba" ni taarifa mbili ambazo hazifai kuchanganywa: ya kwanza huwaondoa watu mnarani, ya pili humpeleka fundi mmoja kwenda kuzibua. Kwa bahati njema, saikloni iko ngeli ya 9 na kibomba kiko ngeli ya 7. Anayekiita kibomba hicho "paipu" ameifuta tofauti hiyo bila kujua.

Ndiyo ya Mswahili

Jambo la mwisho ni dogo kwa umbo. Mwendeshaji anauliza kwa redio: "Valvu haijafungwa?" Fundi anajibu: "Ndiyo." Kwa Kiswahili jibu hilo linakubaliana na kauli nzima pamoja na ukanushi wake: ndiyo, ni kweli, haijafungwa. Kwa Kiingereza jibu la kukubali kwa swali la namna hiyo lingemaanisha kwamba imefungwa. Mahali ambapo wote ni Waswahili hakuna tatizo. Kiwandani, hata hivyo, mwulizaji huweza kuwa mhandisi mgeni aliyejifunza Kiswahili ukubwani, au mzawa aliyesomea uhandisi wake wote kwa Kiingereza na ambaye ndiyo yake imekwisha kuhamia upande wa pili bila yeye kuhisi.

Vyuo vya ufundi stadi vilivyo chini ya mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 hufundisha namna ya kushika bisibisi na namna ya kusoma mita. Kujibu redio hakumo katika hesabu ya ufundi, ingawa kanuni yake yaweza kufundishwa kwa saa moja: swali lisiulizwe kwa ukanushi, na jibu lisiwe ndiyo wala hapana bali kitenzi kizima kikirudiwa pamoja na jina la kifaa. "Valvu ya maji namba tatu iko katika hali gani?" "Valvu ya maji namba tatu haijafungwa." Maneno ni mengi zaidi, na katika kelele wingi huo ndio unaosaidia, kwa kuwa sehemu moja ikimezwa nyingine hufika.

Kamusi ya vitenzi vya kiwandani, ikiandikwa, haitafanana na zile za nomino. Kidahizo hakitakuwa -funga pekee, bali -funga pamoja na mtendwa wake, mfano wa sentensi ya daftari, mfano wa sentensi ya redio, na onyo la neno lisilotakiwa kutumiwa mahali pake. Haiwezi kuandikwa na wanaisimu wakiwa wamekaa chuoni. Kidahizo cha kwanza kinachopaswa kujadiliwa na mafundi wenyewe ni "baipasi", neno ambalo kwa sasa hutumika kwa bomba la pembeni la kupitishia maji wakati valvu inatengenezwa, na pia kwa kitendo cha kuiondolea mashine kinga yake ili iendelee kuzunguka. La kwanza lina mchoro na namba. La pili laweza kuwa kipande cha waya tu nyuma ya kabati, na mtu aliyekiweka amekwisha kumaliza zamu yake.